Fundo Lidumu Sekunde Sita

Kanuni zimeandikwa kwa makaa
mgongoni mwa mfuko wa simenti,
zikapigiliwa kwenye lango la zizi, mnadani Ziba.
Karani Kashindye anazisoma kwa sauti ya kunadia ng'ombe:

Saa inaanza pua ya ndama ikivuka chokaa.
Atakayemtangulia ndama, sekunde kumi juu yake.
Miguu mitatu, si miwili. Fundo, si kuzungusha kamba tu.
Ukimaliza, mikono juu; ukiirudisha chini, umejimaliza.
Kisha fundo lidumu sekunde sita.
Ndama akiumia huna muda, hata ungekuwa upepo.

Hiyo ya mwisho aliirudia kwa Kisukuma,
kwa ajili ya waliosimama nyuma, juu ya mikokoteni.

Mimi nilipewa saa ya shule, yenye kamba nyekundu,
ile ya mbio za mita mia.
Mihayo wa josho akapewa nyingine.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema karani,
"wala hakipimi muda. Kina ndugu zake."
Watu wakacheka, nami nikacheka,
maana ndugu yangu alikuwa wa tisa kwenye orodha.

Luhende. Miaka kumi na minne, kaptura ya shule,
kamba ya katani aliyoilainisha kwa samli
hadi mama akauliza kama tutakula ugali na kamba.

Akafunguliwa ndama mwenye baka jeupe shavuni.
Hapa ndipo penye jambo langu.
Pua ilivuka chokaa, niliiona ikivuka,
na kidole gumba changu kikabaki kinatazama.
Haikuwa hila. Nilikuwa namwangalia yeye,
alivyokaza meno kama siku ile
alipodungwa sindano ya pepopunda.
Ndipo nikabonyeza.

Akamdaka shingo, akamlaza ubavu
taratibu, kama anayemtua mtoto aliyesinzia begani.
Mguu mmoja. Wa pili. Wa tatu ukamponyoka, akaurudisha.
Zungusha, zungusha, kaza.
Mikono juu.

Moja. Ndama akapumua.
Mbili.
Tatu. Mbwa akabweka huko kwa wachoma nyama.
Nne. Kwato ikatikisika.
Tano. Mama, penye uzio, alikuwa amefumba macho.
Sita.
Bendera.

Saa yangu: kumi na nne, nukta mbili.
Ya Mihayo: kumi na tano, nukta sita.
Zikipishana, jumlisha, gawa kwa mbili.
Karani akalamba kalamu, akagawa:
kumi na nne, nukta tisa.
Nkwabi wa Nkinga alikuwa na kumi na tano kamili.

Nukta. Kitone cha wino
ambacho mtoto wa darasa la pili hukifuta kwa mate.
Mtamba mzima wa zawadi, pembe zake ndiyo kwanza zinachomoza,
alikuwa amesimama juu ya kitone hicho, akitafuna.

Hakuna aliyeniuliza.
Nikasema, "Yangu ilichelewa kuanza.
Chukueni ya Mihayo peke yake."
Karani akanitazama
kana kwamba nimemrudishia chenji asiyoidai.
Akafuta. Akaandika.

Nkwabi akashika barabara ya Nkinga na mtamba wake.
Sisi tukarudi na kamba.
Mama akapika, akapakua, hakusema neno.
Luhende alikula amenipa mgongo.

Usiku nikasikia kitu kinaburutwa uani.
Nikatoka.
Alikuwa amekilaza ubavu kigoda cha mama,
amekifunga miguu yote mitatu,
mikono yake iko juu, gizani.

"Usinitazame," alisema.
"Hesabu."